Daftari la Baba yangu, fundi mwashi: naomba mnisaidie kusoma alama alizoziacha

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Baba yangu alifariki dunia miezi mitatu iliyopita akiwa na umri wa miaka 68. Alikuwa fundi mwashi kwa zaidi ya miaka 40, na aliondoka akiwa bado kazini, kwa maana kwamba asubuhi tuliyompoteza viatu vyake vya kazi vilikuwa mlangoni na saruji haijabanduka kwenye soli, na mwiko wake ulikuwa umeoshwa, umepakwa mafuta na kuegemezwa ukutani kama alivyouegemeza kila jioni tangu nilipopata akili. Sikuanzisha uzi huu ili nipewe pole, ingawa nitazipokea kwa shukrani. Nimeuanzisha kwa sababu Baba ameacha daftari, na ndani yake kuna mambo ambayo mimi, mwanawe wa tatu, niliyeishia kufanya kazi ya mezani, siwezi kuyasoma peke yangu.

Daftari lenyewe ni nene, lina jalada gumu, na mgongo wake ulipochanika aliushona kwa waya ule laini wa kufungia nondo. Ukilifungua, vumbi la saruji linadondoka kutoka katikati ya kurasa. Ameandika kwa penseli bapa ya seremala, ile inayochongwa kwa kisu, kwa hiyo herufi zake ni nene na zimebanana. Hakuna maelezo. Baba hakuvuka shule ya msingi, na maneno marefu hakuyapenda hata mdomoni. Anaandika tarehe, tarakimu, herufi moja au mbili, basi.

Niseme kwanza alikuwa mtu wa namna gani, ili atakayenisaidia ajue anamsaidia kumsoma nani. Baba alikuwa mwembamba, si yule fundi wa misuli ambaye watu humfikiria wanaposikia habari za kubeba zege. Bidii yake haikuwa ya kufanya mambo kwa haraka. Alikuwa wa kwanza kufika kazini na wa mwisho kuondoka, lakini saa ya kwanza ya kila siku aliitumia kukagua mirunda ya jukwaa, akiitingisha mmoja mmoja na kukaza kamba zilizolegea, wakati vibarua wakimsubiri chini na mwenye nyumba akiangalia saa. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuanguka kutoka kwenye jukwaa alilolifunga yeye, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko jengo lolote alilolisimamisha.

Nyumbani tulikuwa watoto watano. Hesabu za shule alizikagua yeye, kwa sababu tarakimu hazikumtisha. Kanuni ya pembe mraba niliijua kabla ya kufundishwa darasani, kwa kuwa alitupa kamba, vigingi vitatu na futi, akatuambia tupime mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha tusogeze vigingi hadi mshazari usome mita 5 kamili. Hapo kona imekaa sawa na nyumba inaweza kuanza. Kwenye kazi kubwa alipima 6, 8 na 10, kwani kosa dogo huonekana vizuri zaidi kwenye kamba ndefu, na baada ya hapo bado alipima mishazari yote miwili ya chumba kizima kuona kama inalingana. Dada yangu mkubwa aliwahi kumuuliza kwa nini anapima mara mbili kitu ambacho kimeshakubali. Baba akamjibu kwamba kimemkubali yeye, lakini hakijaukubali ukuta.

Sasa niende kwenye daftari. Uwiano wa 1:2:4 naufahamu, ni saruji, mchanga na kokoto. Namba za nondo na hesabu ya mifuko naweza kuzikisia. Yanayonishinda ni matatu. La kwanza, kando ya tarehe nyingi amechora viduara vidogo kwa mstari, mara nyingi saba, mara nyingine zaidi, na hakuna neno lolote la kueleza viduara hivyo ni vya nini. La pili, karibu na kila hesabu ya zege ameandika "25" na kuipigia mstari chini, mara nyingine mistari miwili. La tatu liko kwenye ukurasa wa mwisho alioutumia, na limeandikwa hivi: "36 ÷ 3 = 12. 12 + 12 + 38 = 62. M." Chini yake kuna tarehe, na viduara vinne.

Mafundi mliomo humu, naombeni mniambie Baba alikuwa anasema nini.

Mchangiaji wa kwanza, fundi mwashi

Pole sana, ndugu yangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili na nimemtambua mtu wa aina yake, kwani nilifundishwa kazi na mzee wa namna hiyo.

Viduara vyako ni maji. Kila kiduara ni siku moja ya kumwagilia. Watu wengi hudhani kwamba zege hukauka likawa gumu kama udongo unavyokauka juani, na kwa sababu hiyo wakilikuta gumu kesho yake wanajua kazi imeisha. Sivyo. Zege huwa gumu kwa sababu saruji inaungana na maji, na muungano huo unaendelea kwa siku nyingi baada ya vibarua kuondoka. Likinyimwa maji mapema, likapigwa na jua na upepo, muungano husimama, na unachobaki nacho ni kitu kinachofanana na zege kwa macho huku ndani hakina nguvu inayotakiwa. Kwa kawaida siku ya 7 zege lililotunzwa vizuri huwa limefikia kama theluthi mbili za nguvu linayopimiwa siku ya 28. Hizo ndizo siku saba za baba yako. Palipo na zaidi ya saba, nakisia ilikuwa slabu, au jua lilikuwa kali, au alikuwa na wasiwasi na kitu fulani.

Nikwambie jambo ambalo huenda halionekani kwa mtu asiye wa fani. Kumwagilia hakuna malipo. Mwenye nyumba hulipa siku ya kumwaga zege, siku yenye watu wengi na kelele, na kazi inayobaki huachiwa yeyote aliye karibu, mara nyingi asiwepo mtu. Fundi anayerudi siku saba kwa ajili ya jambo ambalo hakuna atakayelikagua, na anayejiwekea hesabu ili asijidanganye, huyo ni fundi kweli. Kazini tunazoea kuwasifu wenye kujenga haraka.

Mwanzisha uzi

Ndugu fundi, umenifumbua macho, na umenirudishia usiku mmoja ambao nilikuwa nao kichwani miaka yote bila kujua maana yake.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumeshamaliza kula, Baba akachukua taa na ndoo mbili, akaniambia nivae viatu. Tulitembea hadi kwenye jengo lililokuwa na slabu mpya. Tulipanda kwa ngazi ya miti, yeye nyuma yangu ili nikiteleza nimwangukie yeye, na kule juu palikuwa pamefunikwa magunia yaliyolowa. Alikunja kona ya gunia moja, akanishika mkono na kuniambia niweke kiganja juu ya zege. Nilitegemea ubaridi, kwa kuwa ulikuwa usiku na upepo ulikuwa ukivuma, lakini lilikuwa na uvuguvugu kama mgongo wa mnyama aliyelala. Niliutoa mkono kwa mshtuko. Baba akasema, "Bado linafanya kazi," akarudisha gunia taratibu kama anavyomfunika mtoto, akamwaga maji.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba saruji inapoungana na maji hutoa joto. Usiku ule sikujua hilo, nilijua tu kwamba Baba alikuwa na kitu kilicho hai juu ya jengo la watu na alikuwa amekuja kukiangalia. Nimeutafuta mwaka huo kwenye daftari. Slabu hiyo ina viduara kumi.

Nakumbuka pia jinsi tulivyokuwa tukinung'unika. Mtoto hupenda baba akirudi awe amerudi, lakini wetu alirudi, akanawa, akala, kisha akatoka tena. Mama hakunung'unika mbele yetu, ingawa sasa nikiwa mtu mzima mwenye familia naelewa kwamba zile jioni zilikuwa zake pia.

Mchangiaji wa pili, mwalimu wa ufundi wa ujenzi

Natoa pole kwa familia. Nitajibu kuhusu namba 25.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiuwekea maji lita 25, uzito wa maji unakuwa nusu ya uzito wa saruji. Hapo una zege linalofanyika kazi kwa jasho kidogo lakini lenye nguvu, na ni lazima upunguze maji zaidi mchanga ukiwa umelowa, maana mchanga nao unaleta maji yake. Mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Duff Abrams, alichapisha huko Chicago matokeo ya majaribio mengi yaliyoonyesha kwamba, vifaa vikiwa vilevile, nguvu ya zege hutawaliwa na uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu inashuka. Maji yasiyohitajika na saruji huondoka polepole na kuacha vitundu visivyoonekana, na kupitia vitundu hivyo unyevu huifikia nondo, nondo ikapata kutu, kutu ikavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Tatizo ni kwamba zege lenye maji mengi ni jepesi kukoroga na kumwaga. Saidia fundi aliyechoka saa nane mchana huongeza nusu ndoo bila nia mbaya kabisa, na mkorogo unalainika papo hapo, kila mtu anafurahi. Mistari miwili chini ya 25 inaonyesha kwamba baba yako alipigania lita hizo kila siku. Wanafunzi wangu nawaeleza habari hii kwa kanuni na michoro, na bado wakifika kazini wanaisahau. Nakuomba ruhusa ya kuwasimulia habari za daftari hili.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, ruhusa unayo, na Baba angefurahi sana, kwa sababu vijana aliowafundisha kazi aliwahesabu pamoja na watoto wake.

Ulilolisema la nusu ndoo nililiona kwa macho yangu wakati wa likizo moja, nilipokwenda kumsaidia kupokeza karai. Kijana mmoja aliongeza maji Baba akiwa amegeuka. Baba alipogeuka hakumfokea. Alilitazama zege lilivyokuwa likitiririka kutoka kwenye koleo, akaagiza lisipelekwe kwenye nguzo, litandazwe kwenye njia ya kupitia mikokoteni, kisha akakoroga jipya. Jioni nilimwona akimweleza mwenye nyumba kwamba mfuko huo mmoja usiingizwe kwenye hesabu yake, ukatwe kwenye ujira wa fundi. Alikata wa kwake, hakukata wa kijana. Walipokuwa wanaosha vifaa alimwita yule kijana, akampa kipande cha zege la zamani lililokuwa limejaa vitundu, akamwambia alikwangue kwa msumari. Lilimomonyoka kama mkate mkavu. Baba hakuongeza neno, na yule kijana leo ni fundi anayeheshimika. Ni mmoja wa watu waliobeba jeneza.

Mchangiaji wa tatu

Samahani nikisema jambo lisilopendeza kwenye uzi wa kumbukumbu. Mimi pia ni binti wa fundi. Baba yangu alijenga nyumba za watu wengi na wote walimsifu, lakini sisi tulimwona akiwa amelala tu. Nikisoma habari ya baba anayetoka tena usiku kwenda kuangalia slabu ya mtu mwingine, siwezi kuacha kuwafikiria waliobaki nyumbani. Je, ninyi hamkulipia bidii hiyo? Nauliza kwa dhati, maana wafu huwa tunawasafisha mno.

Mwanzisha uzi

Dada, hukukosea kuuliza. Nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu, na nimelipeleka kwa dada yangu mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyelipia zaidi.

Kuna kipindi cha miaka mitatu ambapo kazi ilikuwa mbali na Baba alilala kwenye majengo, akija nyumbani mara moja au mbili kwa mwezi akiwa na mikono iliyopasuka kwa saruji kiasi kwamba hakuweza kukunja vidole vyote. Saruji mbichi ina ukali unaochoma ngozi taratibu bila mtu kuhisi hadi jioni, na miaka ile hakuwa na glavu. Dada yangu, akiwa na miaka kumi, alivunjika mguu akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa. Katika kumbukumbu yake Baba alimtembelea mara mbili tu. Amelibeba jambo hilo kwa zaidi ya miaka 30, na sijui kama aliwahi kumwambia.

Nilipompigia simu kumsomea swali lako, nilikuwa nimelifungua daftari kwenye mwaka huo bila kutafuta chochote maalumu. Baina ya hesabu za tofali na lenta, pembeni kabisa mwa ukurasa, kulikuwa na herufi ya kwanza ya jina lake. Mbele ya herufi hiyo kulikuwa na viduara. Nilivihesabu nikiwa naye kwenye simu, nikavihesabu tena kama Baba alivyopima mishazari. Ni kumi na vinne.

Tulimuuliza Mama. Alisema Baba alikuwa akiondoka kazini giza likishaingia, akipanda gari lolote la mizigo linalompitisha, akifika wodini watoto wamelala. Muuguzi wa zamu ya usiku alimruhusu kuingia kwa dakika chache. Alikaa kwenye kiti, akauangalia mguu uliofungwa plasta, akaondoka ili afike kazini kabla ya alfajiri. Mama alikuwa akijua kwa sababu alikuwa akimkuta pale, na Baba alimwomba asimwamshe mtoto, kwamba aliyevunjika mfupa anahitaji kulala.

Dada yangu alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema, "Angeniamsha."

Nadhani ana haki. Sitaki kulitumia daftari kumwambia kwamba alikosea kuumia. Mtoto hakuwa na njia ya kujua kwamba alikuwa anatazamwa, na Baba, aliyejua kwamba zege linahitaji kuguswa na kufunikwa, hakufikiri kwamba binti yake naye alihitaji kumwona. Nimeyaandika yote mawili hapa kwa sababu yote mawili ni yeye. Ila dada aliniomba nimpigie picha ukurasa ule, na jana ameniuliza kama anaweza kuja kuuona.

Mchangiaji wa nne, msanifu wa majengo

Poleni nyote. Limebaki fumbo la mwisho, na nafikiri ninalo jibu.

Hiyo ni hesabu ya ngazi. Ukichukua kimo cha kidato mara mbili, ukajumlisha na upana wa pa kukanyagia, jumla inatakiwa iangukie kati ya sentimita 60 na 64 hivi. Kanuni hii ni ya zamani. Msanifu wa Ufaransa, François Blondel, aliiandika katika karne ya 17, na msingi wake ni hatua ya binadamu. Mtu akipanda, hatua yake hufupika kadiri anavyoinua mguu, kwa hiyo kidato kikiwa kirefu sehemu ya kukanyaga hupungua, na kikiwa kifupi huongezeka. Hesabu ya baba yako inasema: kuna kimo cha sentimita 36 cha kupanda, akakigawa mara 3, kila kidato kikawa 12. Mbili za 12 ukijumlisha na 38 ni 62. Imekaa katikati kabisa.

Lakini 12 ni kimo kidogo sana. Vidato vya kawaida huwa kati ya 15 na 18. Kimo cha 36 fundi yeyote angekigawa mara mbili, vidato viwili vya 18, akamaliza kazi mapema na kuokoa zege. Aliyechagua vidato vitatu vya 12 alikuwa anamjengea mtu ambaye kuinua goti kunamuumiza. Nakuuliza tu: herufi M ni nani?

Mwanzisha uzi

M ni Mama.

Ndugu msanifu, mlango wa nyuma wa nyumba yetu ulikuwa na vidato viwili, virefu, ambavyo Baba mwenyewe alivijenga nyumba ilipokuwa mpya na magoti ya wote wawili yalikuwa mapya. Mwaka huu Mama alianza kushuka kiubavuubavu, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Hakulalamika, si desturi yake, na sisi tunaokuja mara moja moja hatukuona lolote. Wiki ya mwisho ya uhai wake Baba alivivunja vidato hivyo kwa nyundo, akavijenga upya vitatu. Mdogo wangu aliyemkuta kazini alimwambia amwachie kijana afanye, naye akakataa. Sisi tulidhani ni ukaidi wa mzee asiyeweza kukaa bure. Mama anasema kwamba kabla ya kuvunja, Baba alimtembeza uani mara kadhaa na kumtaka atembee kama kawaida, akawa anachora alama chini kwa penseli nyuma ya kisigino chake, na alipomuuliza anafanya nini alimwambia anatafuta kitu.

Viduara viko vinne kwa sababu alfajiri ya siku ya tano hakuamka. Daktari alisema ni moyo.

Baada ya fundi wa kwanza kunieleza maana ya viduara, jambo hilo liliniumiza kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza. Nyumba ilijaa watu, tulikuwa na maandalizi ya mazishi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria zege la mlango wa nyuma. Nikawa nawaza kwamba kazi yake ya mwisho ndiyo pekee iliyokosa maji, na kwamba tuliokuwepo tulikuwa watoto wake. Jumamosi iliyopita nilikwenda nyumbani, nikachukua nyundo ndogo kutoka kwenye boksi lake la vifaa, nikagonga vidato vyote vitatu kama nilivyokuwa nikimwona akigonga, kingo kwa kingo. Vilitoa mlio mkavu, mzito, bila mwangwi wa utupu. Nilitafuta nyufa hadi kwenye pembe, sikuona hata moja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nikamweleza nilichojifunza humu, kuhusu siku saba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba ameishi na mwashi miaka 43 na viduara anavijua. Siku ya tano, ya sita na ya saba alikuwa akiamka kabla ya wageni waliolala sebuleni, akipita jikoni na ndoo, akavimwagia vidato maji na kuvirudishia magunia. Ndiyo maana asubuhi zile upindo wa kanga yake ulikuwa umelowa, na mimi nilikuwa nimeuona nikadhani ni umande.

Nilimuuliza kwa nini hakuvichora viduara vitatu vilivyobaki. Alinijibu kwamba penseli ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Baba, na shati lile hakutaka mtu aliguse.